Sista Mawusi Deku na Komla Wawili

Tarehe 31 Julai, Sista Mawusi Deku anakabidhi funguo za kabati la dawa la wadi ya watoto, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na minane. Ameomba asisifiwe. Ombi limepokelewa na kukataliwa.

Alianza mwaka 1986 akiwa muuguzi msaidizi: kupima joto, kuosha watoto, kutandika vitanda. Dawa hakuruhusiwa kugusa. Alisubiri nafasi ya chuo miaka tisa, akasoma mitatu, na mtihani wa usajili akaufanya mara mbili. Cheti kilipofika, mama yake alisonga akple, ugali wetu wa mahindi, ya kutosha wadi nzima, na kesho yake Sista akaanza kukagua mashuka tuliyotandika sisi wengine.

Kusajiliwa maana yake una namba, na sindano uliyochoma ni yako. Ikidhuru, unaulizwa wewe.

Miezi minane baadaye tulilaza Komla Dzokoto wawili, vitanda jirani. Kwetu hilo si ajabu. Kila mvulana aliyezaliwa Jumanne ni Komla, na akina Dzokoto wamejaa mji mzima. Asubuhi moja Sista alimchoma wa kitanda cha nne sindano ya wa kitanda cha tano. Niliyeona ni mimi tu, muuguzi msaidizi wa zamu yake.

"Da Mawusi, nyamaza," nikamnong'oneza. "Mtoto mwenyewe hajambo. Mchome na huyu mwenzake, yaishe."

"Sefakor, namba hii nimeisotea miaka kumi na miwili. Unadhani niliitafuta ili nifichie makosa?"

Akamwita daktari, akaandika kosa kwenye kitabu cha ripoti, kisha akamweleza mama wa mtoto. Mama yule hakumbakizia neno. "Masomo yote hayo, na kumjua mwanangu kumekushinda?" Sista alikaa kando ya kitanda siku nzima akimpima mtoto kila robo saa. Mtoto alipona. Leseni ilisimamishwa miezi sita, na miezi hiyo yote Sista alitandika vitanda pamoja nasi. Nilimwonea huruma, na nilimwona mjinga.

Leseni iliporudi, alileta utaratibu mpya: hakuna sindano mpaka mzazi ataje jina la bibi mzaa mama wa mtoto. Wadi nyingine zilitucheka, eti tunapeleleza ukoo kama watu wa posa. Siku hizi zote zinauliza.

Mimi nami nilisoma, nikasajiliwa. Mwaka 2007, nikiwa peke yangu, nilimpa binti wa miaka miwili dawa ambayo alikuwa ameshapewa. Hakuna aliyeniona. Nilimwita daktari, nikaandika. Daktari alisema tungechelewa saa moja tungempoteza.

Binti huyo yuko hai, na hamjui kabisa Sista Mawusi. Kwa niaba yake, Da Mawusi, asante. Wadi nzima tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi nyingi zisizo na zamu.