Picha Niliyotuma Bila Neno

Assalamu alaykum. Mnisamehe kwanza: dakika hii hii mwanangu Iftin, mwenye meno mawili tu, amezishika ndevu za hina za Chifu Alio akakataa kuziachia. Nawe Chifu umecheka badala ya kufoka. Mungu akuzidishie.

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Chifu, wazee, kina hooyo mlionizaa na msionizaa, wageni wetu kutoka Balambala: karibuni mtazame picha za maigizo yetu ya vita vya Waingereza na Waitaliano, vita ambavyo babu zetu waliviendea na ngamia wao.

Nani amesahau siku ile ya maigizo? Kamanda Jama aliinua fimbo akanguruma kwa ulimi wetu usio na p, "Biga!" Jeshi zima likashusha bunduki za mbao, likanyoosha kola, likanitabasamia mimi na kamera. "Nimesema biga bunduki! Nani amesema bicha?" Wallahi, hiyo ndiyo picha yangu bora.

Lakini ipo nyingine, haimo ukutani. Hared, askari wetu mmoja, alianguka vizuri mno, nyanya ya kopo kifuani kama damu, macho juu. Nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la simu. Mimi kuandika ni mzito, niliishia darasa la sita; nikaituma bila hata neno moja. Kabla ya adhuhuri ikafika Balambala. Mama yake, hooyo Ugbad, akapanda gari na sanda mkobani, akafika uwanjani, akamkuta marehemu anakula pasta na Waitaliano waliomuua!

Sisi tulicheka. Yeye alimchapa Hared kwa kiatu, akamkumbatia, akalia. Mimi hakunitazama. Miezi mitatu sasa, hajaitikia salamu yangu.

Hooyo Ugbad, nakuona hapo safu ya pili. Ni mama gani angecheka katika njia ile yote, sanda iko mapajani? Nikiikumbuka, namkumbatia Iftin mpaka analalamika. Nisamehe, mama yangu. Picha ile nimeifuta, na nafasi yake pale ukutani iko wazi. Nimeshindwa kuweka kitu hapo.

Basi, nawashukuru mlionitegea sikio, na ninyi askari mliokufa mara tatu tatu ili nipate mwanga mzuri, asanteni kwa kunivumi...

"Ardo! Ni mimi, mama Hared. Wacha maneno, kuja na hiyo kamera. Hared, simama hapa kando yangu, funga kifungo. Haya, tubige!"