Mwalimu Sawaeng na Majina ya Mama Zetu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, yote katika shule yetu hii ya sekondari, Mwalimu Sawaeng Bunmak anastaafu tarehe 30 Septemba. Ametimiza miaka sitini, na sheria ya serikali haina mjadala. Wazazi wa kidato cha pili wamenituma niandike ukurasa wao katika kijitabu hiki cha sherehe. Nilimuuliza mwenyewe kama niandike na yale ya Agosti. Akanijibu kwamba nikiyaacha nitakuwa namwandika mtu mwingine.

Alikuja hapa mkoani Phichit akiwa kijana mwembamba wa kufundisha useremala. Madawati ya darasa lile la upande wa kinu cha mpunga ni kazi ya mikono yake na ya wanafunzi wake wa kwanza, na mpaka leo hayayumbi. Baadaye akapewa nidhamu, kazi ambayo walimu wengi huipokea kama adhabu. Yeye aliipenda. Kila asubuhi alisimama getini, jua au mvua, watoto wakimwamkia kwa kuunganisha viganja viwili na yeye akimwitikia kila mmoja kwa jina lake la nyumbani. Mimi nauza mishikaki ya nguruwe na wali wa kunata hapo hapo getini, kwa hiyo nasema nilichokiona. Mtoto aliyetoka kwao bila kula alimjua kwa kumtazama tu. Alimwelekeza kwangu kwa kidevu, bila neno, na mtoto akaingia shule ameshika mshikaki kama aliyeununua mwenyewe.

Mkasi wake nao ulijulikana. Mvulana mwenye nywele zilizopita sikio alikatwa upande mmoja tu, upande wa pili akamalizie kwao. Mwaka mmoja Baba Anan, fundi wa matrekta, alikuja amefura kwa sababu ya kichwa cha mwanawe, na yeye mwenyewe nywele zimemfika mabegani. Mwalimu akampa kiti, akampa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho. Sijui walizungumza nini baada ya hapo, ila Baba Anan alitoka amenyolewa pande zote mbili, na tangu siku hiyo kila mwezi anakuja kunyolewa bure. Shule yetu inaishia kidato cha tatu. Watoto wanamwita Baba Anan mwanafunzi wa kidato cha nne.

Lakini kazi kubwa ya Mwalimu Sawaeng ilikuwa ile isiyoonekana.

Sisi wazazi tunaogopa ngumi za shuleni kuliko mitihani. Na ngumi za hapa kwetu hazianzi kwa mpira wala kwa mapenzi. Zinaanza kwa jina la mama au la baba. Mtoto akilipata jina la mama wa mwenzake, amepata fimbo. Hamwiti tena kwa jina lake, anamwita kwa la mama, darasani, chooni, kwenye foleni ya chakula, na wengine wanapokezana. Ukinyamaza wanaongeza. Ukijibu mnapigana. Hata sisi tulikua hivyo hivyo, ndiyo maana tukisikia tunacheka kwanza, halafu tunakumbuka tulivyolia.

Mwalimu Sawaeng aliyafunika majina yetu kama mtu anavyofunika chakula nzi wasitue. Barua za shule alizikunja na kuzileta mkononi. Getini hakumwita mzazi ila Mama Fulani, Baba Fulani. Mwalimu mgeni akithubutu kutaja jina la mzazi mbele ya darasa, aliitwa pembeni. Ngumi hazikuisha, watoto ni watoto, lakini zilikuwa chache, na sisi tukapata usingizi.

Kisha, mwezi Agosti, ikaja Siku ya Mama ya mwaka huu. Kila mwaka tunakaa kwenye viti ukumbini na watoto wetu wanapiga magoti mbele yetu. Safari hii Mwalimu ndiye aliyeshika maikrofoni, kwa kuwa ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na alikuwa na wazo lake. Miaka yote ametuona tukiitwa Mama Fulani. Akaona si haki aondoke bila kumpa kila mama jina lake mwenyewe mbele za watu. Basi akatusoma mmoja mmoja, jina na ukoo, na kazi ya kila mmoja, na neno zuri juu yake. Kwangu mimi alisema moshi wa jiko langu ndio unaoiamsha shule. Jina langu lilikuwa halijawahi kutajwa kwenye spika, hata siku ya harusi yangu. Nililia. Ukumbi mzima wa akina mama ulilia, na yeye mwenyewe akafuta miwani.

Nyuma yetu watoto walikuwa wanasikiliza.

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani kila mtoto alikuwa na majina ya mama wa darasa zima. Watu wananiuliza ilikuwaje asahau, yeye aliyejua kuliko wote. Nadhani siku ile alikuwa anatutazama sisi tu.

Binti yangu Kaeo ana miaka kumi na mitatu. Wenzake walimfuata kutoka darasani mpaka kwenye baiskeli, wakiliita jina langu na kuiga sauti yangu ya kuuzia, moto huu, moto huu, wa nani huu. Aliyeongoza alikuwa msichana mmoja ambaye simtaji, na bibi yake ameniruhusu kuandika haya. Kaeo alivumilia, akavumilia, mpaka siku moja kwenye mabomba ya maji akampiga na chupa ya chuma. Mwenzake akashonwa juu ya jicho. Kaeo akarudi nyumbani peke yake, akavua sare, akaikunja vizuri, akasema harudi tena shule. Nikamuuliza kama ananionea aibu.

"Sikuonei aibu, mama," akasema. "Nimechoka kukupigania."

Kikao cha wazazi kilikuwa kikali. Wengine walitaka kamera, wengine walitaka Kaeo afukuzwe, na mimi nilikaa nyuma nimekumbatia mkoba kana kwamba ndio mwanangu. Ngumi zilikuwa zimeenea madarasa yote. Baba Anan, yeye yule wa kunyolewa bure, ndiye aliyesimama.

"Mwalimu, mke wangu siku ile alirudi anaimba," alisema. "Leo jina lake limeandikwa chooni. Ulituvalisha nguo nzuri, halafu ukatutoa nje kwenye mvua."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Sawaeng alisimama. Hakumtaja mkuu wa shule aliyeikubali ratiba, wala hakuwalaumu watoto wa siku hizi. Alisema alitaka akina mama waheshimiwe, na hakufikiria watoto watabaki na nini mikononi. Akaketi. Wapo waliosema asiagwe kwa sherehe. Sisi wengine tukasema ataagwa, tena kwa chakula.

Wiki zilizofuata, badala ya kukusanya vitu vyake ofisini, alizunguka na pikipiki nyumba kwa nyumba, kwa kila mtoto aliyepigana. Kwa bibi wa yule msichana alikuta jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Mama wa mtoto yule yuko Taiwan, kiwandani, na siku ile kiti chake kilikuwa kitupu.

"Mama wa wenzangu wote uliwasoma," msichana alimwambia. "Wangu hukumsoma."

Mwalimu aliponisimulia haya alikuwa ananisaidia kutunga nyama kwenye vijiti. Akajichoma kidole, akachukua kijiti kingine.

Kwetu alikuja mara nyingi. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akachukua vijiti. Nyama aliitunga vibaya, manofu makubwa chini na madogo juu, nami nikaipanga upya akishaondoka. Kaeo alikaa nyuma ya pazia la chumba. Mwalimu hakumlazimisha atoke. Alizungumza na mimi juu ya bei ya mkaa na miche ya mabalungi anayotaka kupanda, kwa sauti ya kutosha kusikika kule ndani.

Siku moja, katikati ya mazungumzo, aliunganisha viganja viwili, akaviinua kuelekea kwenye pazia. Yeye mwalimu, mtu wa miaka sitini, amwamkie mtoto kwanza. Nilimrukia. Nilimshika mikono nikaishusha kwa nguvu, maana kwetu mkubwa akimwamkia mdogo namna ile anampunguzia siku za kuishi, na mimi mtoto wangu ni huyo mmoja. Nikamwambia Mwalimu, usinifanyie hivyo, nakuomba. Akanitaka radhi. Mikono yake nikiwa bado nimeishikilia, akasema kwa mdomo tu:

"Kaeo, mwalimu wako amekosa."

Nikamwachia, nikachukua vijiti vyangu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu ungekuwepo getini muhula ujao, ningerudi."

Hakumdanganya. Angeweza kusema atakuwa anapitapita, au huyo anayekuja ni mtu mzuri. Alisema hatakuwepo. Akatoka, akavaa viatu, akakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha, mpaka jirani akamuuliza kama mafuta yamemwishia.

Kwa hiyo Kaeo hatarudi. Novemba ataanza shule ya wilaya jirani, anakokaa dada yangu, mahali ambapo hakuna anayenijua. Yule mwenzake kidonda kimepona, anapita mbele ya jiko langu kila asubuhi, na akifika hapo anainamisha kichwa. Nampa mshikaki. Anaupokea.

Atakayesimama getini baada ya Mwalimu Sawaeng sijamjua bado, na sifichi kwamba nina wasiwasi. Wazazi tunamwomba ayatunze majina yetu, na watoto ambao mama zao wako mbali awatazame mara mbili.

Mwalimu, nikiulizwa kama ningependa siku ile ya Agosti isingekuwepo, nasema ndiyo, isingekuwepo, kwa ajili ya mtoto wangu. Lakini furaha niliyoipata pale kwenye kiti ilikuwa ya kweli, na wewe ndiye uliyenipa. Vyote viwili ninavyo, na sijui nivipange vipi.

Asante kwa madawati, kwa mkasi, kwa kila mtoto uliyemwelekeza kwangu kwa kidevu. Wazazi wa kidato cha pili tunakuombea afya, magoti yasiyouma, na mabalungi yenye maji mengi. Na asubuhi ukiamka kwa mazoea ya geti, geukia upande wa pili, ulale tena.

Shada la asumini utakalovishwa kwa niaba yetu amelitunga Kaeo. Nimemwomba aje alivishe kwa mkono wake. Amesema hapana, mama, lipeleke wewe. Ninalileta mimi.

Mama Kaeo
Kwa niaba ya wazazi wa kidato cha pili