Randu Kwenye Bango

Basi lilipokaribia mji wa Garsen, Khairat, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimsikia Mbodze, abiria wa kiti cha mbele yake, akimnong'onezea aliyeketi naye, mzee Nassir: "Filamu ya kwanza ya yale mapigano ya wakulima na wafugaji ilikwisha kwa suluhu, tukalia. Hii mpya inarudi nyuma, kumwonyesha aliyechoma kijiji cha wafugaji. Ndugu yangu Randu ndiye anayemwigiza, tena mhusika huyo amepewa jina la Randu mwenyewe."

"Basi tuna staa, mama. Watu wanajua ni mchezo."

"Wewe unajua, mzee. Je, waliochomewa?"

Khairat, aliyeamini siku zote kwamba sanaa huponya, sasa alianza kuitilia shaka imani hiyo. Basi likasimama. Kwenye ukuta wa kituo palikuwa na bango la Randu ameshika kienge cha moto, na wafugaji kadhaa walikuwa wakilitazama. Mbodze, aliyekuwa ashukie hapo, hakuinuka kitini.