Kitanda Kilichobaki Ukutani

Ukifika Wamunyu uulize kijiwe cha Ndovu kiko wapi, utaelekezwa nyuma ya karakana za wachongaji, mahali ambapo vumbi la mbao limeanguka miaka mingi hata udongo wenyewe umelainika. Ndovu ni benchi. Zamani lilikuwa gogo la mjakaranda lililokusudiwa kuwa ndovu mkubwa wa kusimama mlangoni pa hoteli, likapasuka katikati likiwa limeshapata masikio, na sasa linakaliwa na watu wanaojua kila kitu. Upande wa mkonga hukaa Sharifu na birika lake la kahawa ya tangawizi. Wanamwita Kapteni kwa sababu babu yake alitoka Mombasa, ingawa yeye alizaliwa Machakos mjini na bahari ameiona mara za kuhesabika. Kimeu ni dereva wa trela anayelala Mlolongo siku za kazi na kurudi nyumbani Jumamosi. Jina lake la kijiweni ni Mizani, maana kila hoja lazima aipime uzito kama gari la mawe. Lavender, mwenye kibanda cha kusuka nywele hapo kando, ni Bando, kwa kuwa simu yake haijawahi kuishiwa na intaneti. Na yule mwenye shingo ndefu aliyechonga twiga maisha yake yote ni Nzau, nao wanamwita Twiga, haijulikani kama ni kwa shingo au kwa kazi.

Jumamosi hiyo Nzau alikuja na kitu kilichofunikwa kwa leso. Akakiweka katikati ya Ndovu, akaifunua leso, akarudi nyuma hatua moja kama anavyofanya mbele ya mteja.

— Hiyo si twiga, Kimeu akasema. — Twiga gani iko na mlango?

— Ni kabini, Nzau akajibu. — Chumba ya kulala ya kwa meli. Ile meli ya Mbinya.

Mbinya ni bintiye wa pekee. Anafanya kazi ya kutandika vitanda kwenye meli kubwa huko Ulaya kaskazini, inayobeba watu pamoja na magari yao, iking'oa nanga jioni katika nchi moja na kutia nanga asubuhi katika nchi nyingine. Wiki iliyopita alimtumia baba yake video akamwambia aje atembee, nafasi ya wazazi wake ameshaiomba kazini. Tangu siku hiyo Nzau hakugusa twiga hata mmoja. Alichonga kabini, ukubwa wa sanduku la viatu, bila paa ili mtu aone ndani: kitanda, meza, bafu, dirisha la duara.

Jambo ambalo hakuwaambia wenzake ni kwamba Mbinya alisema mtakuja wawili au hakuna atakayekuja, na kwamba Nzau ndiye atakayemwalika mama yake, kwa mdomo wake mwenyewe. Mama yake ni Kasyoki, na Kasyoki anaishi Masinga kwenye shamba aliloachiwa na baba yake kando ya bwawa. Alitaka wahamie huko wote wawili, wafuge samaki. Nzau akakataa, Kasyoki akaenda, na miaka imepita bila mmoja kuvuka kwenda kwa mwenzake. Mbinya alitaka jibu leo, kabla hajaingia zamu ya jioni. Nzau alikuwa ameshika simu tangu asubuhi na hakumpigia Kasyoki.

— Feri! Sharifu akasema, akimpa kikombe. — Feri mimi naijua bwana. Likoni unaingia na baiskeli, unasimama karibu na mbuzi wa mtu, kabla hujamjua mwenye mbuzi mmeshafika ng'ambo.

— Hii si ya kusimama, Kapteni. Unalala mpaka asubuhi. Uko na chumba yako, kadi ya mlango yako, choo yako.

— Choo ndani ya feri?

— Na maji moto.

— Subhanallah, Sharifu akasema, na kwa heshima akaweka birika chini.

Kimeu alikuwa ameinama akichungulia mlangoni kwa jicho moja.

— Ngoja niulize kama dereva. Nyinyi mkilala, magari yako wapi?

— Chini kabisa. Yamefungwa na minyororo, hata trela.

— Na mwenye trela analala ndani ya trela.

— Hapana. Wanafunga mlango ya huko chini, hakuna mtu anabaki na gari. Dereva anapanda na lifti, anaoga, anakula, analala kwa shuka nyeupe kama huyo tajiri wa chumba ya pili.

Kimeu akajiinua polepole. Huyu ni mtu aliyelala miaka mingi kandokando ya Barabara ya Mombasa, magoti yakigusa usukani, sikio moja likiwa macho kwa ajili ya wezi wa mafuta.

— Shuka nyeupe, akasema. — Dereva wa trela. Na kuna mtu alikaa chini akafikiria hiyo.

Hapo Lavender akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akaja na chanuo mkononi.

— Mzee Twiga, leta hiyo video wasee waone. Hii ya mbao ni poa, lakini nataka kuona yenyewe.

Nzau akampa simu. Walikusanya vichwa vinne juu ya kioo kidogo, na Mbinya akaanza kuwatembeza. Waliona magari yamepangwa chini kwa safu. Waliona ukumbi wa chakula ambapo mtu anajipakulia samaki wa aina ambazo hata Kasyoki hafugi. Waliona chumba kilichojaa mipira ya rangi, watoto wakiogelea ndani yake, na duka la manukato, na ukumbi wa dansi wenye taa zinazozunguka. Waliona mzee na mbwa wake wakiingia kwenye kabini iliyotengwa kwa wenye wanyama.

— Aiya! Lavender akapiga kelele. — Mbwa ako na room yenye iko na view! Aki mimi dirisha yangu inaangalia ukuta ya jirani.

— Kuna zingine hazina dirisha, Nzau akasema. — Ziko katikati ya meli. Unalala tu, huoni kitu.

— Nani huyo mjinga anaenda baharini akatae dirisha? Kimeu akauliza.

Nzau akanywa kahawa.

— Sasa hapa, Sharifu akasema, akigonga kioo, — hiki chumba cha mbao chenye watu waliovaa taulo, wanafanya nini?

— Inaitwa sauna. Ni ya kutoa jasho.

— Jasho mimi natoa Mtito Andei bila kukaribishwa, Kimeu akasema.

— Hamjui nyinyi watu wa bara, Sharifu akasema, ule ubaharia wa babu ukimpanda. — Hapo ndipo wanapokaushwa wale walioanguka majini. Meli yoyote kubwa lazima iwe na mahali pa kukaushia watu. Unaanguka, unavutwa, unakaushwa, unarudi kula.

— Uongo, Kapteni. Kitu ya maana hapo ni ile dansi, Kimeu akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyesimamishwa kwenye mizani mara nyingi. — Hiyo meli imebeba trela, sivyo? Trela ni mzigo. Mzigo ukiegemea, meli inalala. Sasa wanafanya aje? Wanaweka muziki. Meli ikilala upande huu, bendi inapiga upande ule, watu wote wanakimbia kucheza, meli inasimama wima. Ndio maana chakula ni ya kujipakulia. Wanataka uzito.

— Na usiku bendi ikilala?

— Wanaamsha wanene.

Lavender alicheka mpaka chanuo likamwanguka, lakini alipoliokota alikuwa na yake.

— Mnajua mimi naona nini? Hiyo meli haiendi popote. Mnapanda jioni, mnakula, mnacheza, mnalala. Asubuhi wanabadilisha bendera, mnaambiwa mmefika.

— Na magari?

— Magari yanaingia mlango ya mbele, yanatoka mlango ya nyuma. Si mmeona iko na milango mbili?

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na hata Kimeu hakuwa na mizani ya kuipimia.

Nzau hakuwa akifuata. Kwenye video Mbinya alikuwa amefungua mlango wa kabini, na macho ya Nzau yalikuwa yameenda yanakoenda kila mara, kwenye kazi ya mkono. Akasimamisha picha.

— Angalieni meza, akasema. — Mnaona hiyo ukingo pembeni? Ni ya kuzuia kikombe isianguke meli ikitikisika. Na hizi pembe, zote zimekatwa, hakuna moja kali. Mtu akiteleza usiku asiumie. Hapa bafuni wameinua kizingiti ndio maji isitoke. Hii taa ni ya anayesoma, isisumbue mwenye amelala. Mimi nimechonga tangu nikiwa kijana, na naona vile huyo fundi alifanya kazi akiwafikiria watu hatawahi kuona. Nampenda huyo fundi.

Alisema hivyo waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Sharifu akapitisha kidole kwenye meza ndogo ya mjakaranda akakuta ukingo upo, mwembamba, umepigwa msasa mpaka ukateleza.

— Na huu ukuta? Lavender akauliza. — Zingine zote ni nyembamba. Mbona hii ya juu ya kitanda umeiacha nene hivi?

— Ya kuzuia baridi.

— Ulaya kuna baridi kweli, Sharifu akasema, na jambo likaishia hapo.

Lavender akabonyeza video iendelee. Mkono wa Mbinya ukaonekana ukinyooka kuelekea mkanda wa ngozi uliokuwa ukutani, juu ya kitanda. Nzau akaipokonya simu.

— Imetosha. Inamaliza chaji.

Alikuwa ameitazama peke yake mara nyingi na alijua kinachofuata. Mbinya anavuta mkanda, ukuta unafunguka, kitanda cha pili kinashuka kimetandikwa tayari. Na Mbinya anasema kwa Kikamba, huku akicheka, kwamba hiki ni cha Mwaitu, yaani cha mama.

— Lakini utaenda? Kimeu akauliza. — Twiga, hiyo si kitu ya kufikiria. Mimi ningekuwa nimeshafika.

— Bado naangalia.

— Unaangalia nini, na umeshachonga mpaka choo?

Kabla Nzau hajajibu, bodaboda ilisimama nyuma ya karakana, na mwanamke akashuka amebeba kifurushi cha gazeti kilichonukia samaki wa kukaanga. Alikuwa mfupi, mweusi wa jua, mwenye viatu vya mpira vilivyokauka matope. Sharifu ndiye aliyemtambua kwanza, akasimama.

— Karibu, Mama Mbinya. Karibu sana.

— Asante, Sharifu. Watinda ata, Kimeu?

— Nesa, Kimeu akaitikia salamu ya Kikamba, akasogea mbali kuliko ilivyohitajika.

Kasyoki hakumsalimu Nzau. Aliinama juu ya kabini. Akaingiza kidole mlangoni, akagusa kitanda, akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza, akafungua na kufunga mlango wa bafu uliozungukia kwenye misumari miwili midogo. Uso wake ulilainika, na Nzau akauona ukilainika.

— Ni nzuri, Baba Mbinya, akasema. — Mimi pia nilitumiwa hiyo video. Mbinya aliniambia nisiseme kitu, ningoje wewe unipigie. Nimengoja wiki mzima. Leo nikachoka.

Akanyooka.

— Kitanda yangu iko wapi?

Walikuwepo hapo watu waliokuwa wameeleza jinsi meli inavyosimama wima, na walioanguka majini wanavyokaushwa, na bendera inavyobadilishwa asubuhi. Kimeu akaangalia viatu vyake. Lavender akakumbuka ana mteja lakini hakuondoka.

Nzau akatoa patasi ndogo mfukoni mwa shati. Akaweka kidole kwenye ule ukuta mnene.

— Iko hapa ndani, akasema. — Sijaitoa.

— Itoe basi.

Akakaa, akaiweka kabini mapajani, akaanza. Mjakaranda ni mti mpole, na vipande vidogo vikaanza kuanguka juu ya leso. Kasyoki akakaa mwisho mwingine wa Ndovu, kifurushi cha samaki kati yao.

— Ya chini itakuwa yako, Nzau akasema bila kuinua macho. — Ya juu ni yangu.

— Na hayo magoti? Utapanda aje?

— Nitapanda tu. Juu ni mbali kidogo na maji.

Alikuwa ameshasema ndipo akasikia alichosema. Patasi ikasimama. Mara moja tu katika maisha yake aliwahi kulala Masinga, wakati wa kwenda kuliona shamba, na usiku kucha alisikia bwawa likigonga ukingo wa shamba, akakaa kitandani akingoja lije. Asubuhi alisema mchongaji hawezi kuishi mbali na wachongaji wenzake, na neno hilo akalishikilia hadi leo.

— Nzau, Kasyoki akasema. Hakuwa amemwita kwa jina tangu siku za posa. — Kumbe ni maji?

Nzau akaifuta patasi kwenye leso.

— Hii miaka yote hukuja, ulikuwa unaogopa maji?

Sharifu akainua birika ili mikono ipate la kufanya. Akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni, na hakikutoka kitu.

— Na mimi nikadhani ni mimi, Kasyoki akasema.

Nzau akapuliza unga wa mbao ukutani. Ukingo wa kitanda cha pili ulikuwa umeanza kuonekana, mstari tu, lakini ulikuwa umenyooka. Akampa Lavender simu.

— Bando, mwandikie Mbinya. Mwambie tunakuja wawili. Na umuulize kama wanaweza kutupatia zile hazina dirisha.

— Wacha dirisha ikuwe, Kasyoki akasema, akifungua kifurushi na kumsogezea samaki. — Mimi nitakaa upande huo.