Walivyomwatari Yustina

Usinikunjie uso hivyo. Kama umekuja kusikiliza huku umeshaamua kwamba kikongwe anatunga, chukua kigoda chako ukakae kule kwa wakaanga chipsi, watakuambia unayoyapenda. Eti haiwezekani! Haiwezekani wanaume wazima wa Mkalama, ambao Kiingereza chao hakitoshi kuombea maji ya kunywa, wabishane juu ya Kijapani wakati jirani yao anazibiwa njia ya kwake. Nenda ukaitazame ile minyaa ya ua. Imeshika, ukiivunja inatoa utomvu. Na usiniulize kwa nini siku hizi kahawa yangu naiuzia hapa stendi, juani, upepo unanimwagia vumbi kwenye birika. Nyamaza, utajua.

Wakati huo nilikuwa nimepanga kibanda cha Bonifasi, kile chenye mlango wa bati pale njia panda. Mbele ya mlango kulikuwa na benchi la gogo lililopasuliwa, na benchi lilikuwa na wenyewe. Leonidas tulimwita Kocha, kwa sababu hakuna mchezo asiousemea na hakuna anaoujua. Gaspari alikuwa Mahakama. Hata kuku wawili wakigombana atatoa hukumu. Paschal, kijana dereva wa trekta la Bonifasi, alikuwa Bando. Simu yake haikosi bando hata siku ambayo yeye mwenyewe hajala.

Mchezo wa benchi lile waliachiwa na Mjapani mchimba visima, Bwana Keni, aliyekaa kwetu viangazi viwili. Ubao wa mistari, na vipande vyeusi na vyeupe. Vile vyake aliondoka navyo, hawa wakaweka vizibo vya soda na vya bia. Unaweka kimoja, mwenzako anaweka kimoja, mnazingirana. Kizibo kinapumua kwa nafasi zilizo wazi kandokando yake. Ikibaki moja tu, hapo ni atari. Nayo ikizibwa, kizibo kimekufa, kinatolewa. Na ukiuacha ugomvi wa hapa ukaenda kucheza pembe nyingine kama vile hujaona kitu, hiyo ni tenuki.

Basi wenzangu wakayatoa maneno hayo ubaoni wakayapeleka kila mahali. Asiyeonekana msibani, ametenuki. Mwanamke aliyemfichia mumewe viatu asiende kilabuni, kamwatari. Kijana aliyempa msichana mimba akapanda basi la Dodoma, katenuki mchana kweupe. Wanacheka mpaka kahawa inawatoka puani.

Siku hiyo mawingu ya kwanza ya masika yalikuwa yamekaa upande wa Iramba. Bando akaja na simu mkononi.

— Shikamoo, Mama Martha.

— Marahaba. Trekta leo limekutupa?

— Bosi kaenda kwenye baraza, mama. Kaniambia nipumzike.

Baraza lenyewe lilikuwa la kata. Wazee wake walikuwa wamefika kwa Yustina asubuhi hiyo kutazama mipaka. Yustina ni mjane, na ukimtoa Bonifasi aliyekuwa na kesi naye, mashamba mawili yanapakana naye, la Kocha juu na la Mahakama chini. Wote wawili walikuwa wameketi pale kwangu, magoti yamegusana.

— Oneni huyu Mzungu, — Bando akasema. — Anafundisha mchezo wetu kwa Kiingereza. Sikieni. Anasema "atari", halafu anaibandika ule mkia wa Kiingereza wa mambo yaliyopita, "-ed". Utadhani neno lilizaliwa kwa mama yake.

— Wizi, — Kocha akasema.

— Mbona na sisi tunasema nimekuatari? — Bando akauliza.

— Sisi tulipewa mkononi. Bwana Keni alikaa kwenye benchi hili hili, akala ugali wa mtama wa nyumbani kwangu. Huyo Mzungu alikula kwa nani?

— Yustina anawasubiri mkatoe ushahidi, — nikasema.

— Toa ubao, Mama Martha, — Kocha akasema.

— Mikono yangu ina kazi.

Mahakama akakohoa. Akikohoa, ujue hukumu inakuja.

— Neno ukilifanyisha kazi, ni lako. Ng'ombe wa kuazima ukimlimia misimu mitatu mwenyewe hajatokea, huyo ng'ombe wa nani?

— Wa mwenyewe, — nikamwambia.

— Mama Martha, wewe mimina kahawa.

— Tena ngojeni, — Kocha akasema, — hilo neno ni letu toka zamani. Atari ni hatari! Wajapani walilisikia huku, walipofika kwao mdomo ukashindwa kusema ha.

— Walilisikia wapi? — Mahakama akauliza. — Singida hakuna bahari.

— Walikuja kwa miguu.

— Kutoka Japani?

— Wewe ulikuwepo?

Bando akapiga goti.

— Nyie hamjui kitu. Wanatutumia maneno ndani ya magari. Pikapu ya Bosi ukiiwasha, kuna mwanamke anaongea Kijapani. Nani kati yetu anajua anachosema? Huenda kila asubuhi anatuatari na sisi tunafunga mkanda.

— Ndiyo mpango wao! — Kocha akasimama. — Kwanza magari, halafu mchezo, halafu Mzungu mwenyewe anaanza kuongea kwa maneno yao bila kujua. Miaka michache ijayo Kiingereza kimezingirwa pande zote, kimebaki na nafasi moja.

— Hukumu, — Mahakama akasema. — Kiingereza kiko atari.

Wakacheka. Na mimi nilikuwa nawatazama vikombe mkononi. Kicheko kile nilikijua. Ndicho walichokicheka mwaka mzima.

Maana Bonifasi naye alikuwa mchezaji wa benchi lile, na hakuna aliyewahi kumshinda. Yeye haharakishi. Anaweka kizibo mbali, unajiuliza huyu amelewa? Ukija kushtuka, umezungukwa. Na shamba la Yustina alilichukua hivyo hivyo. Kwanza alichomeka miche ya minyaa kule korongoni, akasema ni ya kuzuia upepo. Hawa wakakaa pale benchini wakamsifu: kaanza na pembe, mtaalamu. Msimu uliofuata akachomeka mstari upande wa mnara wa simu. Wakasema: anaunganisha. Yustina alikuja mwenyewe kwenye benchi lile, akawaambia, baba zangu, minyaa imeingia kwenye mtama wangu. Kocha akamjibu: jibu huko huko, usitenuki. Wakacheka. Mwanamke akarudi na jembe lake. Ikabaki njia moja, ya kutokea nyumbani kwake kwenda kisimani na barabarani. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo miche ikachomekwa mpaka ukingoni mwa njia hiyo, na hawa watu wakapiga kelele benchini kama mpira umeingia wavuni: kamwatari!

Hawakuwa hawajui. Walijua kuliko wote. Waliitazama kama ubao.

— Kocha, — nikasema, — mpaka wenu na Yustina uko wapi?

— Mama, mvua hiyo hapo. — Akaonyesha mawingu, na kicheko kikamwisha usoni. — Trekta ni moja kijiji kizima. Nikisimama kule nikasema neno, nitalimiwa na nani? Watoto wangu watakula utomvu?

— Na wa Yustina?

— Yustina ana ndugu Ihanja.

— Mahakama?

Mahakama alikuwa anatazama kikombe chake.

— Mimi naona watasuluhishana. Bonifasi si mtu mbaya. Nilipofiwa alinibebea jeneza kwa pikapu yake.

— Bando, miche ile nani aliibeba?

— Nilitumwa, mama. Tela lilikuwa la Bosi, dizeli ya Bosi. Mimi nilishika usukani tu.

Upepo ukapiga bati la kibanda. Tukaona msichana anakuja kutoka upande wa kwa Yustina, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa Leah, katibu wa baraza. Si mtu wa kwetu, alihamia na ofisi mpya za Nduguti.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, — tukaitikia.

— Nimeambiwa majirani wa Mama Yustina wanapatikana hapa. Wazee wananisubiri. Bwana Bonifasi anasema hapakuwa na njia pale, toka zamani ni shamba lake, mama anakatiza tu. Mama anasema njia ipo toka alipoolewa. — Akafuta jasho. — Naomba kuuliza, wazee wangu. Njia ilikuwepo?

Swali ndilo hilo. Mtoto wa chekechea wa pale kijijini angelijibu. Ng'ombe wangelijibu, maana waliipita kila siku. Kocha akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Bando akazima simu, nadhani ni mara ya kwanza tangu ainunue. Mahakama akakohoa, na safari hii hukumu haikutoka.

Leah akatazama mmoja mmoja. Akauliza tena, taratibu, akidhani labda hatukusikia.

— Ilikuwepo, — nikasema. — Nimepita na ndoo kichwani miaka na miaka, mimi na Yustina. Kuna jiwe la kutulia katikati, limelainika kwa makalio yetu. Kama hawajaling'oa, nitawaonyesha.

— Mama una shamba linalopakana?

— Sina shamba. Ni mpangaji.

Akainamisha macho. Alikuwa na adabu yule binti, hakutaka kunidanganya.

— Wanataka hasa wanaopakana, mama. Yako watayasikia, lakini peke yake sijui kama yatafika mbali.

— Wayasikie.

Nikaingia ndani, nikazima jiko kwa maji. Nikavaa kitenge cha kanisani. Ubao wao ulikuwa umeegemezwa ukutani na mfuko wa vizibo, nikauacha pale pale. Kocha akaja mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mgonjwa:

— Mama Martha, fikiri. Kibanda hiki ni cha nani?

— Cha Bonifasi.

— Ukirudi utapikia wapi?

— Ondoka mlangoni, Leonidas.

Jina lake halisi nilikuwa sijawahi kulitamka. Akasogea.

— Mama, kahawa imebaki? — Mahakama akauliza kutoka benchini.

— Imekwisha.

— Basi tuachie hata ubao.

Nikatoka, nikauvuta mlango wa bati, nikaufunga.