Subira Idrisa na Daftari la Salumu

Asalaam aleikum, ndugu wafiwa, majirani na wote mliokuja hapa Mpapura, sogeeni karibu, anayewasomea ni shangazi wa marehemu, bi Mwanahamisi, darasa lake la nne na sauti yake ya sokoni mnaijua, kwa hiyo akikwama mvumilieni, na kicheko kikimtoka mumsamehe, marehemu mwenyewe alikuwa anakipenda.

Subira Idrisa Mnunduma alizaliwa tarehe 9 Machi 1973 hapahapa Mpapura, mtoto wa pili wa mzee Idrisa na bi Zuhura, akapelekwa chuoni kusoma Kurani akiwa na miaka sita, na huko alichapwa fimbo moja ambayo hakuisahau, maana alikuwa anasoma kwa moyo, mwenzake anamfuatilia kwenye ubao, kumbe ubao umelowa na wino umehama, Subira kasoma sawasawa, ubao ukasema kakosea, akachapwa yeye.

Shule ya msingi alisoma hapa, 1981 hadi 1987, sekondari Mtwara mjini, 1988 hadi 1991, ufundi wa elektroniki akasomea Dar es Salaam, 1993 hadi 1996, akarudi kufungua kibanda cha redio Mikindani, na wanaume wakawa wanamletea redio nzima, tusifichane, ili wamwone fundi tu.

Alifunga ndoa na Salumu Ayubu tarehe 18 Julai 1998, wakajaliwa Nasra, 2 Mei 1999, na Juma, 27 Novemba 2001, halafu Salumu akaenda Nanyamba akaoa mke wa pili kimya kimya, habari tukaletewa na muuza korosho, talaka ikatoka 11 Agosti 2003, Salumu usiiname, tumeshakuona hapo nyuma, na watu wote wanajua.

Tangu 2002 Subira alikuwa fundi wa mashine na programu zake kwenye kampuni iliyopima maji ya bahari kule Msimbati, ili gati lijengwe, na mwaka 2004 kampuni hiyohiyo ikamchukua nani kulinda mashine ya kupimia, si Salumu huyo, kazi yake kila maji yakijaa atazame mti wenye alama, aandike kipimo kwenye daftari, na mashine nayo iandike chake ndani ya kumbukumbu ya flash, kidude kisichosahau hata umeme ukikatika, ila kikichoka kinageuza tarakimu, ndiyo maana kila ukurasa wake unawekewa alama za ushahidi, programu izisome na kusahihisha palipogeuka.

Tarehe 19 Septemba 2005 meneja Josephu akakuta vipimo arobaini na moja vya daftari havilingani na vya mashine, akasema Salumu alikuwa analala na kubuni, kikao kikapangwa tarehe 22, na gari la polisi likaombwa lije siku hiyohiyo, nyumbani tukawa hatuli, isipokuwa shangazi huyu, aliyecheka mpaka khanga ikamdondoka, akamwambia Subira, "Mwache aozee ndani, si alijua njia ya Nanyamba!"

Subira hakucheka, alilinganisha daftari na mashine mstari kwa mstari, siku mbili, uji unapoa mezani, akaona tofauti zote ni sentimita 64, au 128, au 256, hakuna hata moja ya 70 wala ya 100, akasema, "Shangazi, mtu aliyelala hakosei hivi, mashine inahesabu kwa kurudufu, moja, mbili, nne, nane, mpaka 64, 128, 256, hii ni tarakimu moja imegeuzwa, na aliyegeuza ni programu," halafu uso ukamshuka, maana sehemu ya kusahihisha aliiandika upya yeye mwenyewe mwezi wa tatu, meneja akampigia makofi.

Kosa akalikuta asubuhi ya kikao, kwamba alama ya ushahidi ikiharibika yenyewe, programu yake haikuuliza nani mbovu, ilikwenda moja kwa moja kukisahihisha kipimo kilichokuwa sawa, fimbo ileile ya chuoni, safari hii kaishika yeye, basi akairekebisha, akasoma kumbukumbu upya, na vipimo vyote arobaini na moja vikafanana na daftari.

Angeweza kusema mashine ni mbovu, nani angejua, lakini alisimama mbele ya Josephu na polisi wawili, akasema, "Salumu aliandika kweli, kosa ni langu," Salumu akabaki na kazi, yeye akaachishwa siku hiyohiyo, akarudi kwenye redio zake Mikindani, na alipoulizwa na shangazi kwa nini kajichongea kwa ajili ya mwanamume yule, alijibu tu, "Daftari lake lilikuwa sawa."

Aliugua figo Februari 2009, akafariki tarehe 17 Juni 2009, saa nne asubuhi, hospitalini Mtwara, ameacha watoto wawili, na tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mikindani kwa uji na zamu za kulala naye, na wenzake wa kampuni, hata Josephu aliyekuja leo na kukaa mkekani.

La mwisho, shangazi huyu tarehe hazimkai kichwani, hizi zote mlizosikia kaziandika Salumu kwa mkono wake, kwenye daftari hili hapa, na mbele ya msiba mzima hakuna hata mmoja aliyezibishia.

Lala kwa utulivu, Subira wetu.