Gitaa la Sahil Linakwenda Manga

Pale Ogembo, nje ya duka la vifaa vya ujenzi la kina Sahil, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa ubao wa kuuzwa. Mteja mmoja aliukalia akingoja mvua ikatike, mvua ikachelewa, mwenzake akaja akakaa kando yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuza ubao huo. Kote huku ni majani chai, mlima kwa mlima, lakini watu wa benchi hawanywi chai. Chai, wanasema, ni kazi, na mtu hapumziki kwa kunywa kazi yake. Wanakunywa kahawa ya Bathsheba, chungu na yenye tangawizi, inayochemka kwenye jiko la makaa pembeni mwa mlango, na kila kikombe huja na hoja yake.

Siku hiyo alasiri Sahil alikuwa ameketi katikati ya benchi, mkoba wa gitaa umesimama katikati ya magoti yake. Mama yake, Shanta, alikuwa ndani kwenye kaunta akimpimia mtu misumari. Kahawa ya Sahil ilikuwa imepoa na hajaigusa.

— Somo, unasafiri? aliuliza Nyamweya.

Somo ndilo jina Sahil alilopewa na benchi, kwa kuwa kila akiulizwa habari za gitaa hujibu kwamba yuko somo fulani la ngazi fulani. Nyamweya mwenyewe, dereva wa boda boda, anaitwa Choke, kwa sababu pikipiki yake haiwaki asubuhi mpaka ibembelezwe kwa kuvutwa choke.

— Mimi sisafiri. Gitaa ndio inasafiri. Inaenda Manga.

— Kufanya nini?

— Nimeahidi kumpa Madam Drusilla, iwe ya kwaya ya shule yao. Amesema akitoka shule anakuja kuichukua.

Bathsheba, aliyekuwa akimimina, aliinua birika. Madam Drusilla walimjua wote. Alifundisha hapa Ogembo miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Manga, na alikuwa mtu wa kuja anaposema anakuja.

— Yaya, hapana, alisema Bathsheba. Huwezi kupea mtu kitu unalala nayo.

— Silali nayo, Mama. Nimechoka nayo.

Na kweli alikuwa amechoka. Vidole vilikuwa vimeshazoea, ngozi ya ncha ilikuwa ngumu kama ya fundi viatu. Kilichochoka ni moyo. Alianza kujifundisha jazi mwenyewe, kwa kozi ya kwenye simu iliyopangwa ngazi kwa ngazi, na alianza kwa raha isiyo na kifani. Kila jioni wakishafunga duka alikuwa anaketi stoo juu ya mfuko wa simenti na kufuata ratiba: kwanza skeli, yaani noti za kupanda na kushuka, kisha mikao ya vidole, kisha kusikiliza wakubwa wanapiga, kisha kujaribu mwenyewe huku simu ikimgongea mapigo, ko, ko, ko. Hakuruka somo. Alijisifu kwamba haruki somo. Halafu wiki iliyopita akafika somo lililomwambia ajirekodi, aweke rekodi hiyo kando ya ile ya mwanzo, asikilize alivyopiga hatua.

Alisikiliza. Akamsikia mtu yuleyule. Aliumia vibaya, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu nyumbani walijua kwamba gitaa ni mchezo wake tu.

Sasa aliwaambia hao wa benchi, kwa maneno machache, macho yakiwa barabarani.

Walimsikiliza kwa heshima. Lakini heshima ya benchi haidumu.

— Mimi nitakwambia shida, alisema Bathsheba. Ni hiyo simenti.

— Simenti imefanya nini?

— Unakalia simenti kila siku. Simenti inavuta maji. Wewe unaona mfuko ukiachwa kwa sakafu inavuta unyevu yote ya nyumba mpaka inakuwa jiwe. Sasa inavuta yako. Hamu ya mtu ni maji, Sahil. Umekauka kupitia kwa makalio.

Omwenga alicheka mpaka kahawa ikampalia. Huyu ndiye Fahali. Ni mtaalamu wa mifugo, yule anayezunguka vijijini kupandisha ng'ombe kwa mrija, na kwa kuwa akija yeye fahali hahitajiki, jina likamfuata lenyewe. Anavaa buti za mpira mwaka mzima na anazungumza kama mtu aliyesoma, maana amesoma.

— Bathsheba, hiyo si sayansi, alisema akijifuta kidevu. Sayansi ni hii. Ng'ombe ukimfuga peke yake anakula nusu. Mletee mwenzake, hata kama ni mgonjwa, atamaliza hori. Huyu momura, kijana wetu, anapiga peke yake. Gitaa moja, mtu mmoja, stoo moja. Atakula nusu.

— Nifanye nini, ninunue gitaa ya pili?

— Hata ya kuvunjika. Iegemeze tu pale ukutani ionekane.

— Wazee mnabahatisha, alisema Choke. Mimi nimebeba mizigo hii milima yote, nisikizeni. Pikipiki ikitengenezwa kule chini Kisumu, kwa joto, ikifika huku inakohoa. Hewa ni nyepesi. Lazima fundi aifungue arekebishe. Sasa jazi imetoka wapi?

— Amerika, alisema Sahil.

— Amerika gani, ya mlima ama ya maji?

Sahil alifikiri kidogo. — Mji wa bandari. Mto mkubwa unapita hapo.

— Ndio hiyo sasa. Ni muziki ya chini. Wewe unaipandisha huku Ogembo na kabureta ya chini, halafu unashangaa imekosa nguvu. Si makosa yako, manze. Ni mwinuko.

— Kwa hivyo huko Manga itafika imekufa kabisa, alisema Bathsheba. Manga iko juu kuliko sisi.

— Kwa kwaya haina neno. Nyimbo za kanisa zinaenda juu zenyewe.

Sahil alijikuta akitabasamu, akajikasirikia. Alikuwa amekuja kuaga kitu, na hawa walikuwa wanamchekesha. Aliangalia barabarani tena. Lori la majani chai lilipita, vumbi likatua, Madam Drusilla hakuonekana.

— Mwalimu wako ni nani? Fahali aliuliza ghafla.

— Ni kozi. Iko kwa simu. Kuna mzungu mmoja anaonyesha, anaelezea kila hatua.

— Umewahi kumwona?

— Kwa simu.

— Ana harufu?

— Fahali, jamani.

— Sitanii. Ndama anamjua mama kwa harufu. Mletee picha ya mama yake, mletee sauti, mchoree, atasimama tu hapo mdomo wazi. Hawezi kumfuata asiye na harufu. Wewe umefuata mtu asiye na harufu mpaka hapa ulipofika, na mimi nakwambia ni maajabu kwamba umefika.

Hilo la mwisho lilimgusa Sahil mahali asipotarajia. Alinywa kahawa yake baridi ili apate la kufanya na uso wake.

— Hata hivyo, alisema Choke, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwenye malalamiko, mimi sijakuelewa. Wiki hii ndio umeiharibu, na wiki hii ndio unaitoa.

— Nimeharibu nini?

— Ile wimbo.

— Wimbo gani?

— Si ile ya jioni.

— Hiyo si wimbo, Choke. Ni zoezi.

— Ita vile unataka.

Choke akaanza kuivumisha kwa pua, macho amefumba, kidole kikigonga kofia yake ya pikipiki. Aliivumisha yote bila kusita. Ilipanda, ikajizungusha, na pale juu, badala ya kuendelea kupanda, ikateleza ikashuka, kisha ikajiokota taratibu na kurudi. Bathsheba alikuwa ameshaingia katikati, akivumisha naye huku anafuta vikombe, na wote wawili waliteleza mahali pamoja.

Sahil aliinua kichwa. Aliujua mtelezo ule. Kidole chake kidogo kilikuwa hakifiki kwenye waya unaotakiwa, kikaangukia wa karibu, na kikafanya hivyo jioni baada ya jioni hadi mkono ukaamini ndivyo. Wiki hii, baada ya lile somo la kujirekodi, aliipiga polepole kabisa mpaka kidole kikafika. Akapata noti sahihi. Na hakuhisi chochote.

— Nyinyi mmeijulia wapi?

— Kwani ukuta wa stoo ni wa nini? Bathsheba alisema. Ni mbao. Mimi nafunga jiko nikikusikia. Ukiteleza hapo, najua ni saa ya kwenda nyumbani. Sasa juzi hukuteleza. Ulienda tu moja kwa moja juu, kama mtu amekasirika. Nikamwambia mume wangu, Sahil amegombana na mtu.

— Pale nilikuwa nimerekebisha. Hiyo ya kuteleza ilikuwa makosa.

— Makosa ya nani?

— Yangu.

— Basi, alisema Bathsheba, kana kwamba kesi imekwisha.

 Fahali alitoa simu mfukoni mwa koti, akaiangalia, akairudisha, akaitoa tena.

— Sahil, kuna kitu sijawahi kukuambia, na usinikasirikie. Nilikurekodi. Siku ile ya mvua, tulipokuwa tumejibanza hapa. Nilikuwa naenda Nyacheki, kwa mama mmoja ana ng'ombe mkali, hakubali kuguswa nyuma. Nikasema wacha nijaribu. Nikaweka simu juu ya hori nikawasha. Yule ng'ombe alisimama. Alisimama mpaka nikamaliza kazi yangu, na bado akabaki amesimama.

— Umepigia ng'ombe zoezi langu?

— Ng'ombe wa Nyacheki wote wanalijua. Wakulima wananiuliza kama leo nimekuja na dawa ya masikio. Sasa Jumanne nikarekodi mpya, hiyo umerekebisha, nikafikiri ni sauti safi zaidi. Ulipofika pale juu ukaenda moja kwa moja, yule ng'ombe akanirushia teke.

Aliinua suruali juu ya buti. Alama ilikuwepo, ya zambarau, saizi ya kwato.

 Sahil alitaka kucheka na akataka kulia kwa pamoja. Kwa muda wote ule aliamini anapigia mifuko ya simenti. Aliamini hakuna anayesikia, na ndiyo sababu alipoona hapigi hatua, hakuona nani angeumia akiliacha gitaa. Kumbe kulikuwa na mama aliyefunga jiko kwa kufuata mtelezo wake, na mwendesha boda, na mnyama mkali huko Nyacheki. Aliwaonea haya. Kisha akaona kwamba haya ile ilikuwa na utamu ndani yake.

— Wacha nikuwekee usikie mwenyewe, alisema Fahali. Ile ya kwanza.

Simu ilikwaruza, mvua ikasikika, kisha gitaa. Sahil aliinama kusikiliza. Lilikuwa gitaa la mtu asiyejua sana, mtu anayesitasita, na lilipofika pale juu liliteleza likashuka, na wote watatu wakaitikia kwa vichwa. Alisahau kuangalia barabarani.

Kwa hiyo hakumwona Madam Drusilla. Alikuwa amesimama kando ya jiko, mkoba wa shule begani, miwani imeshuka puani, na hakuwasalimu mpaka rekodi ilipokatika.

— Hamjambo nyote.

— Hatujambo, Madam.

Walisogea. Hakukaa. Sahil alisimama, akainua mkoba wa gitaa, akamnyooshea Madam, kwa kuwa ahadi ni ahadi na mama huyu alikuwa ametoka mbali. Madam Drusilla akashika mpini. Kwa kitambo mkoba ulikuwa mikononi mwa wote wawili.

— Kabla sijasahau, alisema. Huo wimbo mlikuwa mnasikiliza. Ningependa vijana wangu waanze na huo. Unaitwaje?

  Bathsheba alichochea makaa.

— Muulize Somo, alisema. Ni yake.

— Hauna jina, Madam, alisema Sahil. Haujaisha.

— Umebaki wapi?

— Unafika pale juu, unashuka. Halafu kutoka hapo sijui unaelekea wapi. Bado natafuta.

Alijisikia akilisema hilo, na lilimshtua yeye kuliko wao. Asubuhi alikuwa ameamka akiwa mtu asiyetafuta chochote.

Madam Drusilla alimwangalia jinsi walimu wanavyomwangalia mtoto aliyejibu nusu ya swali. Akaachia mpini.

— Sasa kama bado unatafuta, Sahil, utatafuta na nini?

 Fahali, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kiumbe, alianza kushusha suruali yake juu ya buti, polepole. Sahil alibaki amesimama na gitaa kifuani, uzito wote sasa ukiwa wake.

Bathsheba akachukua kikombe kisafi, akakijaza, akamsogezea Madam Drusilla, maana mtu aliyetoka Manga hawezi kurudi mikono mitupu na koo kavu.